Ungo wa Uani

Ukizungusha kitufe cha redio ya masafa mafupi, kati ya stesheni moja na nyingine pana mahali ambapo hasemi mtu. Panachemka tu, kama mafuta yanayongoja maandazi. Wengi hupapita mbio. Mimi nawahusudu wanaotua hapo, na mkubwa wao kwangu ni Grote Reber.

Mwaka 1933 Karl Jansky, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akitafuta kinachokoroga simu za redio, alitangaza kwamba sehemu ya mchemko ule inatoka kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani. Wanaastronomia hawakushughulika naye sana. Reber, fundi redio wa miaka ishirini na kitu, alishughulika. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga uani kwa mama yake, mjini Wheaton karibu na Chicago, ungo wa mbao na mabati wenye upana wa zaidi ya mita 9. Uliinuka na kuinama tu. Kugeuka kushoto na kulia aliiachia dunia, ambayo huzunguka bila malipo.

Alianza na megahezi 3300, kwa kuwa nadharia ya wakati ule ilisema huko ndiko sauti ingekuwa kubwa. Kimya. Akaunda kipokezi kingine cha megahezi 900. Kimya tena. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: hakuona kwamba amepoteza muda, aliona kwamba nadharia imekosea. Kipokezi cha tatu, cha megahezi 160, kikaikamata Njia Nyeupe.

Mchana alikuwa kazini, na hata angekuwapo nyumbani asingesikia kitu, maana cheche za plagi za magari zilikuwa zikifunika mbingu nzima. Kwa hiyo alisikiliza usiku wa manane hadi alfajiri. Gari la mchelewaji likipita, mstari wa kipokezi kwenye karatasi uliota miiba. Likienda zake, mstari ukarudi kupanda taratibu, kilima kipana kisicho na haraka. Kilima hicho ndicho Njia Nyeupe. Kujua mwiba ni upi na kilima ni kipi, ufundi wote umo humo. Si ajabu chombo chenyewe tunakiita ungo.

Siku hizi boksi lililotandazwa karatasi ya alumini ya jikoni, likiungwa na kipokezi kidogo kwenye kompyuta, linatosha kunasa haidrojeni ya angani katika megahezi 1420. Masafa hayohayo ndiyo mwanaastronomia Frank Drake aliyoyachagua mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, alipozielekea nyota mbili kusikiliza kama kuna mtu. Ungo wa Reber nao umehamishiwa huko.

Na tarehe 15 Agosti 1977, darubini ya redio ya Ohio, iliyokuwa katika utafutaji huohuo na isiyogeuka, kama ungo wa Reber, ilinasa sauti iliyopanda na kushuka kwa sekunde 72, sawasawa na muda ambao kitu cha angani huchukua kupita mbele yake. Siku chache baadaye Jerry Ehman, aliyekuwa akijitolea, aliizungushia wino mwekundu kwenye karatasi na kuandika pembeni neno ambalo sisi tungeandika “Lo!”

Wakarudi kusikiliza palepale, mara nyingi. Mchemko tu.