Utafiti unaouliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza

MIAKA kadhaa iliyopita nilialikwa kuketi katika jopo la utetezi wa tasnifu ya uzamili katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Mada ilihusu namna akina mama wanavyowatafutia matibabu watoto wanaougua malaria. Mtahiniwa aliulizwa kuhusu ukubwa wa sampuli, kuhusu nadharia, kuhusu majedwali, hata kuhusu nafasi baina ya mistari. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza swali dogo tu. Hojaji yako naiona kwa Kiingereza. Mama wa kijijini uliyemhoji uliongea naye lugha gani? “Kiswahili, mwalimu.” Basi iko wapi hojaji ya Kiswahili? Kimya.

Ikabainika kwamba haikuwepo. Wasaidizi wake walikuwa wakisoma maswali ya Kiingereza na kuyafasiri papo hapo, kila mmoja kwa kadiri alivyojua. Mjumbe mmoja wa jopo akatabasamu akasema, “Daktari, hayo ni mambo madogo. Tuendelee.” Tukaendelea, na mtahiniwa akapita.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kama hayo kweli ni mambo madogo. Jibu langu ni la hasha. Utafiti mwingi unaofanyika nchini, uwe wa tiba, kilimo, elimu au siasa, huchota maarifa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, kisha huyaandika kwa Kiingereza. Katikati pana daraja la tafsiri. Wasimamizi wa tasnifu hukagua kila kitu isipokuwa daraja hilo.

Chukua neno moja tu: degedege. Fungua kamusi uitakayo, utaambiwa ni ugonjwa wa watoto unaowafanya wapatwe na mitukutiko ya mwili. Daktari naye atakwambia kwamba mitukutiko hiyo mara nyingi ni dalili ya malaria kali, na kwamba mtoto huyo anastahili kufikishwa hospitalini bila kukawia. Hadi hapo hakuna tatizo. Mtu akisema neno hili limetafsiriwa sawasawa, nani atambishia?

Sasa twende Bagamoyo, Tanzania. Mnamo 1996, Makemba na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi wakazi wa wilaya hiyo walivyoutibu ugonjwa wanaouita degedege. Walichokikuta ni kwamba kwa wazazi wengi degedege ilikuwa maradhi yanayojitegemea, wala si sehemu ya malaria. Malaria ilikuwa ni homa ya kawaida, ya kupelekwa zahanati. Degedege ilihusishwa na shetani au ndege (na jina lenyewe linamkumbusha msikilizaji ndege), kwa hivyo tiba yake ilianzia nyumbani na kwa mganga. Si Bagamoyo pekee. Katika pwani yetu ya Kenya utawasikia wazee wakitaja nyuni, wakiwa na fikra kama hizo hizo.

Msomaji, hebu tafakari maana ya jambo hili kwa yule mtahiniwa wetu. Msaidizi wake anamuuliza mama, “Je, mwanao amewahi kuugua malaria kali?” Mama anajibu hapana. Hasemi uongo. Mwanawe hakuugua malaria, aliugua degedege, na akapelekwa kwa mganga. Jibu la “hapana” linaingizwa kwenye jedwali, linapigiwa hesabu, na mwishowe ripoti inamfikia mpangaji wa huduma za afya ikisema kwamba malaria kali ni nadra katika kijiji hicho. Takwimu zimekokotolewa barabara, lakini swali lilikwenda mrama tangu mwanzo, na anayelipia kosa hilo ni mtoto.

Wenzetu wa sayansi watanijibu kwamba wao wana dawa ya tatizo hili, nayo ni tafsiri rejeshi. Hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hajaiona ya asili huirudisha katika Kiingereza, halafu matini mbili hulinganishwa. Ni mbinu nzuri, na heri anayeitumia kuliko yule asiyetumia chochote. Ila naomba nioneshe upungufu wake. Lipeleke neno la Kiingereza la mitukutiko kwa mfasiri, atakupa degedege. Mpe mfasiri wa pili degedege, atakurudishia neno lile lile la Kiingereza. Matini zitalingana, na watafiti watapeana mikono. Kumbe wafasiri wote wawili ni wahitimu wa chuo kikuu wanaoliona neno hilo kwa macho ya kamusi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama yeye analielewa vipi. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Katika mkasa huu asiyejua maana ni mtafiti.

Tugeukie suala la ridhaa. Mtafitiwa hutakiwa kutia sahihi fomu kabla ya kushiriki. Zipo fomu zinazoiita fomu ya idhini, na zipo zinazoiita fomu ya ridhaa. Wapo wanaodhani ni mamoja, lakini idhini ni ruhusa, na aghalabu hutolewa na mwenye mamlaka: chifu, mwalimu mkuu, mume. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, baada ya mtu kuelewa na kuridhika. Mtu anaweza kutoa idhini ilhali moyoni hajaridhia. Kadhalika kitenzi kuhoji. Kwa msomi, kuhoji ni kuuliza maswali ya utafiti. Kwa mwananchi wa kawaida, anayehojiwa ni mshukiwa aliye mbele ya polisi. Ukimwambia mtu “nimekuja kukuhoji” usishangae akianza kwa kujitetea.

Mambo haya yana uzito zaidi katika majaribio ya tiba. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Kilifi, Siaya na Kombewa hapa Kenya. Walishiriki zaidi ya watoto 15,000. Ili kupata ulinganisho, baadhi ya watoto walidungwa chanjo nyingine kabisa. Kwa wale wa miezi 5 hadi 17, ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nani apewe ipi, hiyo ni nasibu. Haya, mweleze mama jambo hilo kwa Kiswahili. Ukisema “bahati nasibu” atafikiria mchezo wa kamari. Na katika majaribio mengine, yale yanayotumia kidonge kisicho na dawa ndani, ukisema “dawa bandia” atawakumbuka matapeli wanaouza dawa ghushi madukani. Anayeweza kueleza hayo kwa ufasaha bila kumtisha mama wala kumdanganya ana ujuzi mkubwa, lakini sijaona bajeti nyingi za utafiti zinazomlipa kama mtaalamu.

Huko huko Kilifi, Molyneux na wenzake walichapisha mnamo 2004 utafiti kuhusu uelewa wa wazazi waliokuwa wameridhia watoto wao washiriki katika utafiti. Walibaini kwamba wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu ya kawaida hospitalini. Ni jambo la kusifiwa kwamba matokeo hayo hayakufichwa, na kwamba baadaye taasisi iliyohusika, ile ya KEMRI na Wellcome, ilianzisha utaratibu wa kuwatumia wawakilishi wa jamii wanaojadiliana na watafiti. Hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini ni watafiti wangapi, hasa wanafunzi wetu wa uzamili na uzamifu, wanaojichunguza namna hiyo?

Nisieleweke vibaya. Siupigi vita utafiti. Chanjo niliyoitaja ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mnamo Oktoba 2021 kwa matumizi mapana ya watoto, na hilo lisingewezekana bila wazazi wale kuridhia. Sisemi pia kwamba Kiingereza kitupwe. Msomi anayetaka kusomwa Tokyo au Sao Paulo hana budi kukitumia.

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubebea sayansi. Hoja hii imechakaa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mnamo 1990. Tuna sampuli, hojaji, takwimu, nadharia tete na kadhalika. Kasoro tuliyo nayo ni ya kutozitumia. Aidha, sisi walimu wa Kiswahili tuna lawama yetu. Tumezoea kuchambua riwaya na tamthilia, kisha tukawaachia wenzetu wa tiba na uchumi watafsiri peke yao. Mara ngapi tumebisha hodi kwenye vitivo vyao tukawaambia, jamani, tuwasaidie?

Napendekeza mambo matatu. Mosi, tasnifu yoyote iliyokusanya data kwa Kiswahili au lugha nyingine ya Kiafrika iambatishe hojaji katika lugha hiyo, na jopo liikague kama linavyokagua takwimu. Pili, kabla ya hojaji kwenda nyanjani, maneno yake muhimu yajaribiwe kwa watu wachache wa mahali hapo kwa kuwauliza: ukisikia neno hili, unafikiria nini? Kazi ya siku mbili tatu hivi. Tatu, kila tasnifu na kila ripoti iwe na ikisiri ya Kiswahili, na nakala yake irudishwe kule data ilikotoka, isomwe barazani. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tume ya NACOSTI, inayotoa leseni za utafiti, ingeweza kuliweka sharti hilo bila gharama kubwa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni. Hukaribishwa, akaketishwa kivulini, akapewa maji na saa nzima ya mtu mwenye shamba la kulima. Yule mtahiniwa wetu sasa ana shahada yake, na sina kinyongo naye, kwani aliyemsimamia hakumfunza na sisi wanajopo hatukumzuia. Wale akina mama waliojibu maswali yake sidhani kama walipata kujua alichokiandika juu yao.