Uchumi wa Kongo na Lugha ya Wanaosikilizwa

Reli ya Benguela ilipokamilika mwaka 1931, shaba ya Katanga ilipata njia ya kupita Dilolo hadi bandari ya Lobito. Madini huondoka kabla ya kuwa bidhaa kamili. Thamani huongezwa kwingine. Makala haya yanauliza iwapo maarifa ya uchumi nayo hayapiti njia hiyo hiyo.

Majarida matano yanayohesabiwa kuwa ya juu katika taaluma ya uchumi yana mizizi Marekani na Uingereza, na huchapishwa kwa Kiingereza. James Heckman na Sidharth Moktan walionyesha mwaka 2020 jinsi majarida hayo yanavyotawala upandishaji vyeo wa wanauchumi katika vyuo vikuu vya Marekani. Kongo haikosekani humo. Mwaka 2020 Raúl Sánchez de la Sierra aliandika katika jarida la Chicago kuhusu makundi yenye silaha na kodi mashariki mwa Kongo. Mwaka 2021 Sara Lowes na Eduardo Montero wakaandika katika jarida la Harvard kuhusu makampuni ya mpira ya enzi ya Leopold. Ni kazi nzito, nasi hatuzibezi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kolwezi, anayesomeshwa kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili, hukuta nchi yake imekuwa ushahidi katika mjadala ambao lugha yake haina nafasi.

Je, Kiswahili hakikuwahi kuzungumzia mambo hayo? Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani walioitwa "maboi". Humo mna swali la msingi la uchumi: nani alimfanyia nani kazi, na alipata nini? Wataalamu wengi waliifahamu baada tu ya Johannes Fabian kuichapisha mwaka 1990, ikiambatana na tafsiri ya Kiingereza.

Lawama hii haiwaangukii wanauchumi peke yao. Sisi wa Kiswahili sanifu tumezoea kukiita Kiswahili cha Katanga kibovu, na kwa neno hilo tumewanyima waandishi wake wasomaji. Kuongeza majina ya Waafrika katika orodha za waandishi ni jambo jema, lakini halitoshi. Yav asomwe katika idara zetu, na katika zile za uchumi, kwa lugha aliyoiandikia. Anayetaka tafsiri kwanza bado hajawa tayari kumsikiliza.