Kibiriti cha Shanghai

Ni Januari 1925, katika chumba cha hoteli jijini New York. Mwandishi wa vitabu aitwaye Jackson Elias, ambaye ndiye aliyewaita wahusika wetu, ameuawa humo muda mfupi kabla hawajafika. Wachezaji wanapekua. Wanakuta barua, kadi ya kampuni inayoingiza bidhaa kutoka nje, picha ya chombo cha baharini isiyoonekana vizuri, na kibiriti cha baa moja ya Shanghai iitwayo Stumbling Tiger. Basi. Hakuna anayewaambia waende wapi.

Hivyo ndivyo lilivyofunguka toleo la kwanza la Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu alichokiandika Larry DiTillio akishirikiana na Lynn Willis, kikachapishwa na Chaosium mwaka 1984 kwa ajili ya mchezo wa Call of Cthulhu. Nimeona visa vingi vya aina hii, vya zamani na vya sasa, na bado narudi kwenye chumba hicho ninapotaka kujikumbusha kazi hii hufanywaje. Kila kitu kilichomo kinaelekeza mahali pake: London, Cairo, Kenya, Shanghai. Njia zote ziko wazi kwa wakati mmoja, na mwandishi hajui kundi gani litashika ipi.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: watu wachache huketi mezani, kila mmoja amevaa uhusika wa mtu mmoja, na mmoja wao, mwendeshaji, ndiye anayebeba ulimwengu uliobaki. Yeye anaeleza kilichopo, wao wanasema wanafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu huamua. Mtindo huu ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mapanga na mahandaki. Mwaka 1981 Sandy Petersen akaleta Call of Cthulhu, ambamo wahusika ni wakutubi, madaktari na waandishi wa habari. Unarusha dadu mbili za pande kumi kupata namba kati ya 1 na 100, na ukipata isiyozidi kiwango cha ustadi wako umefaulu. Hata akili timamu ina alama zake, na kila unapoona lisilostahimilika zinapungua.

Mwandishi wa kisa cha namna hii ana hadhira ya ajabu. Anamwandikia mwendeshaji, naye mwendeshaji atawapa wengine kwa maneno yake mwenyewe, katika chumba ambacho mwandishi hatakiona kamwe. Mtambaji wetu akiitikiwa "Pakawa!" anajua tayari hadithi itaishia wapi, hata wasikilizaji wakimkatiza. Mwandishi wa kisa hana uhakika huo. Akiandika kwamba wahusika wanamfuata mtu hadi bandarini, amekwisha kosea, maana huenda wakaamua kulala. Kwa hiyo aliye hodari haandiki matukio. Anaandika watu na wanachokitaka, mahali na kilichofichwa hapo, na saa ambayo jambo litatokea ikiwa hakuna atakayelizuia.

Na lazima arudierudie bila kuonekana anarudia. Mwendeshaji na mwandishi Justin Alexander aliliweka hili vizuri sana mwaka 2008: kwa kila jambo unalotaka wachezaji walitambue, weka dalili zisizopungua tatu. Ya kwanza wataipita, ya pili wataipuuza, ya tatu wataielewa vibaya, na bado watafika. Ukiisoma Masks kwa jicho hilo unaona kazi ilivyopangwa. Mtu wa Shanghai anatajwa kwenye karatasi zilizoko London, jina lililosikika New York linaibuka tena Cairo. Kundi likipuuza nusu ya vitu, nusu iliyobaki inatosha kulifikisha.

Kielelezo ninachokistahi kuliko vyote kinahusu kwetu. Ndani ya kisa, mwaka 1919, msafara wa tajiri mmoja wa New York aitwaye Roger Carlyle uliangamia katika nchi ambayo mwaka uliofuata ingefanywa koloni la Kenya. Wachezaji hupewa mikato ya magazeti, ya kukatwa na kushikwa mkononi. Mmoja unaripoti kwamba Wanandi kadhaa wamehukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa. Ukiusoma haraka, mambo yamekwisha. Ukiusoma polepole, unaona kesi ilikuwa fupi mno, na miili ya wakubwa wa msafara haijulikani iliko. Mwandishi haongezi neno. Ameandika habari kama mhariri wa gazeti la wakoloni angeiandika, kwa kuridhika kulekule, na uongo anauachia msomaji auone.

Mezani kwa Wakenya mkato huo unakuwa mzito zaidi kuliko alivyoweza kukusudia mwandishi wake. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka kumi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipopigwa risasi mwaka 1905 katika mkutano aliokubali kwenda akidhani ni wa amani. Anayeijua habari hiyo haulizi kwa nini walisingiziwa Wanandi.

Ni lazima pia niseme kwamba Kenya ya toleo la 1984 imetazamwa kutoka barazani kwa mlowezi. Wazungu wana siri na historia, wenyeji wengi ni wabeba mizigo au waabudu mashetani. Toleo la 2018, lililofanyiwa kazi na Mike Mason, Lynne Hardy na wenzao, lilijitahidi kurekebisha, na limefanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini pengo hilo ndilo linalomhitaji mwendeshaji. Nikiiendesha sehemu ya Kenya huwa na daftari lenye orodha za majina, ya Kinandi, ya Kiswahili, ya Kigujarati, ya Kiingereza, nimeyatafuta mapema. Wapagazi nawapa majina. Wajane wa walionyongwa nawapa majina na mashamba, na sababu ya kutomwamini mgeni yeyote anayekuja kuuliza maswali.

Maana swali halikosi. Mchezaji mmoja aliuweka mkato mezani, akasema mhusika wake, mwandishi wa habari, anataka kujua washtakiwa walihojiwa kwa lugha gani. Kitabuni hakuna jibu. Hapa ndipo mwendeshaji mzuri anapotofautiana na wa kawaida, na tofauti yenyewe ni ndogo sana: hakimbilii kurasa, wala hasemi kwamba hilo si muhimu. Mchezaji huyo alikuwa ameuliza swali ambalo mahakama yenyewe haikutaka liulizwe. Nikasema palikuwepo mkalimani. Mwenzake akadakia papo hapo, "Basi huyo ndiye aliyedanganya."

Wapo waendeshaji ambao wangeligeuza wazo hilo kuwa kweli usiku uleule, kwa kuwa linafurahisha. Mimi sikubaliani nao. Watu unaweza kuwaongeza upendavyo, ila yaliyokwisha kutokea kabla ya mchezo kuanza yasisogezwe, maana dalili ambazo wachezaji wamezikusanya kwa jasho zitakuwa hazina maana tena. Muuaji abaki aliyekuwa muuaji tangu mwanzo. Wazo la mchezaji lipokewe, lipewe mwili, kisha lipimwe na ukweli uliopo.

Maandalizi ya wiki hiyo yakawa kumjenga mkalimani. Anataka nini? Anamwogopa nani? Nikampa duka dogo Nairobi, deni kwa mtu asiyesamehe, lugha tatu, na tabia ya kusahihisha matamshi ya wenzake. Nikaamua kwamba hakudanganya. Alitafsiri neno kwa neno waliyosema washtakiwa, akamsikia karani akiyasoma mengine kabisa, akanyamaza, na tangu siku hiyo hajakanyaga mahakamani. Ilibidi atoe maelezo hayo kwa yeyote atakayekuja kwa heshima, na asitoe chochote kwa atakayekuja na vitisho.

Walikuja kwa heshima. Yule mwandishi wa habari alimwamkia "Shikamoo, mzee," akanunua sukari asiyoihitaji, akasubiri wateja wengine waondoke. Mzee alipomaliza kusema hawakurusha dadu yoyote. Waliuliza jina la karani, na kama bado yuko hai.