Fundi Springi

Mwenye pikapu kuukuu akifika kwa fundi springi kutaka gari linyanyuliwe, haulizwi anataka inchi ngapi. Mzee mmoja niliyemzoea pale Morogoro huanza hivi: "Unabeba nini, mwanangu, na unapita wapi?" Anayeteremsha kabichi kutoka Mgeta hafungiwi springi sawa na za anayepeleka maharusi.

Magari yenyewe mnayajua: Land Cruiser 75, na zile Hilux za miaka ya 1980 zilizosimama juu ya springi za mabamba mbele na nyuma. Mizigo huzilaza taratibu, mpaka siku moja tumbo la gari linakwangua tuta.

Mzee huzifungua zote, akachora upinde mpya sakafuni kwa chaki. Bamba huingia mkaani, naye hukaa akitazama rangi. Kipimajoto kingine hana. Baada ya nyundo linazamishwa kwenye oili chafu, kisha linarudishwa motoni kidogo, maana chuma kilichoachwa na ugumu wake wote hukatika kwenye shimo la kwanza. Ninachokipenda zaidi kinakuja baadaye. Kila bamba fupi hulipinda zaidi kidogo kuliko lililo juu yake, hivyo yakipangwa unaona mwanga katikati. Mgeni atadhani kazi imeharibika. Senta bolti inapokazwa mwanga unafifia, mabamba yanabanana, na kuanzia hapo kila moja linamsaidia mwenzake kubeba. Nimeona mzee akifungua seti nzima kwa sababu mwanga wa upande mmoja haukulingana na wa pili. Mwenye gari alinung'unika. Mzee aliendelea kuchochea mkaa.

Springi za namna hii zilitangulia injini: Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya aina yake mwaka 1804, kwa magari ya farasi. Kwetu hata zikikatika hazitupwi, wahunzi huzigeuza mapanga na visu.

Siku hizi kunyanyua ni kuchomeka bloku la chuma kati ya difu na springi, yubolti ndefu, basi. Springi imelala vilevile, gari tu limevaa kisigino. Propela shafti inakaa mshazari na kuunguruma, paipu ya breki inavutika. Na kuna kitu ambacho vijana wengi hawakigusi kabisa: ile valvu ya breki za nyuma inayopima uzito kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikipandishwa bila valvu kurekebishwa, inadhani gari ni tupu hata likiwa na magunia hadi juu, na breki za nyuma zinapunguzwa nguvu kwenye mteremko uleule zinapohitajika. Mzee huirekebisha kabla hajanawa mikono.

Toyota nayo iliweka springi za koili mbele ya Land Cruiser hizi mwaka 1999, na safari ikawa laini; sibishi. Kazi ya mzee ikapungua. Waliokuwa wakijifunza kwake wametawanyika, mmoja anafunga bloku mjini na ana wateja kumshinda mwalimu wake. Huyo simlaumu sana, ana watoto wa kulisha. Nawalaumu wenye magari, waliokuwa radhi kuacha gari siku mbili kwa fundi, na sasa hawangoji hata amalize chai yake.