Maharamia au Wakulima? Uhakiki wa Usomaji wa Periplus kwa Kutegemea Tafsiri Pekee

Ni vigumu kuandika sura ya awali ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki bila kuitaja Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ya baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Jina la mwandishi halijulikani. Wataalamu wengi humchukulia kuwa mfanyabiashara wa Misri aliyesema Kigiriki. Sehemu inayohusu Azania, yaani pwani yetu, ni fupi mno: aya nne tu, kuanzia ya 15 hadi ya 18. Hata hivyo, aya hizo zimebebeshwa hoja nzito kuhusu asili ya miji ya pwani, mahusiano yake na Uarabuni, na hata umri wa Kiswahili. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili kwa kawaida huzifikia kwa kupitia Kiingereza: tafsiri ya Schoff ya mwaka 1912, mkusanyo wa Freeman-Grenville wa 1962, au tafsiri ya Casson ya 1989. Anachokiweka katika tasnifu yake, kwa hiyo, ni tafsiri ya tafsiri. Uhakiki huu unadai kwamba hasara ya njia hiyo haiishii kwenye ladha ya lugha, bali inaugusa ushahidi wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika aya ya 16, panapoelezwa Rhapta. Mwandishi anasema kwamba eneo hilo linakaliwa na watu wenye miili mikubwa sana, kisha anaongeza neno moja la kuwaeleza. Kwa Schoff, watu hao wana tabia za uharamia. Kwa Casson, ni wakulima. Mwanafunzi anayezilinganisha tafsiri hizi mbili bila Kigiriki atadhani kwamba mmoja wa watafsiri hakuijua lugha vizuri, na huenda akamchagua aliye mpya zaidi au aliyepatikana maktabani. Chanzo cha tofauti hiyo kiko kwingine. Periplus imetufikia kwa hati moja ya msingi, iliyonakiliwa katika karne ya 10 na kuhifadhiwa Heidelberg. Katika hati hiyo neno linalohusika ni horatoi, “wanaoonekana”, nalo halileti maana ya kuridhisha mahali hapo. Wahariri wamelazimika kulisahihisha kwa kukisia. Ukisoma peiratai, unapata maharamia. Ukisoma arotai, unapata walimaji.

Mwenye kuisoma alfabeti ya Kigiriki ataona mara moja jambo ambalo tafsiri haiwezi kumwonyesha: kutoka arotai hadi horatoi ni hatua fupi ya mnakili aliyechoka, ilhali peiratai iko mbali zaidi kwa herufi. Muktadha nao hauusaidii uharamia. Aya ya 17 inataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa Azania, pamoja na divai na ngano ambazo hazikuwa za kuuzwa bali za kuwaridhisha wenyeji. Hiyo ni picha ya wageni wanaobembeleza wenyeji ili biashara iendelee. Haifanani na watu wanaokimbia majambazi wa baharini. Kazi za kiakiolojia za Felix Chami katika eneo la Rufiji, zilizoonyesha makazi ya wakulima wafua chuma na kutoa shanga zenye asili ya dola ya Kirumi, zinakubaliana na usomaji wa pili, ingawa jembe la mwanaakiolojia haliwezi kusahihisha herufi. Hata hivyo, uharamia wa mababu wa pwani bado unaweza kuingia katika tasnifu kama taarifa ya shahidi aliyeona kwa macho, wakati kwa hakika ni dhana ya mhariri wa Ulaya aliyeishi karne nyingi baada ya shahidi huyo.

Neno la pili ni emporion, ambalo mwandishi analitumia kwa Rhapta, kituo cha mwisho cha Azania. Kwa Kiswahili mara nyingi tunasoma “bandari ya Rhapta”. Kigiriki kina maneno mengine ya bandari, na Periplus yenyewe, katika aya ya 24, inaiita Muza emporion isiyo na bandari. Emporion ni mahali ambapo wafanyabiashara wa mbali hukutana na wenyeji chini ya mamlaka fulani. Msomaji wa Mbeya hahitaji kwenda Pireo ili kulielewa. Mwanjelwa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, mchele wa Kyela na Usangu, ndizi za Tukuyu na mitumba hukutanishwa na wanunuzi wa pande zote za mipaka, na bahari haipo hata kwa mbali. “Soko” peke yake halitoshi, na “gulio” ni la siku maalumu. Lakini mojawapo ya hayo likiongezewa maelezo litapotosha kidogo kuliko “bandari”, ambayo imewafanya watafiti watafute gati mahali ambapo matini haikuahidi gati. Kwa vyombo vyenyewe Kiswahili kina akiba bora: ploiaria rhapta, zilizoupa mji jina, ni vyombo vya kushonwa, na msomaji aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu anaijua kazi hiyo.

Kigiriki kinachohitajika hapa hakiko mbali kama inavyodhaniwa. Periplus imeandikwa kwa Koine, lugha ileile ya Agano Jipya, ambayo wanafunzi wa teolojia nchini husomeshwa. Katika jiji la Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian. Mchungaji mtarajiwa anayeweza kuusoma Matendo ya Mitume kwa Kigiriki anaweza, akiwa na kamusi nzuri, kuzipitia aya nne za Azania kwa wiki chache. Mwanafunzi wa historia, ambaye tasnifu yake inazitegemea aya hizo, haelekezwi huko, wala idara hizi mbili hazijazoea kukopeshana walimu.

Linabaki suala linaloigusa zaidi taaluma ya Kiswahili. Aya ya 16 inasema kwamba manahodha wa Kiarabu waliotumwa kutoka Muza walioana na wenyeji na kuijua phone yao. Neno hilo ni “sauti” na pia ni “lugha”. Hapa maana ya pili ndiyo inayofaa. Lakini mwandishi haitaji jina la lugha hiyo, hatoi hata neno lake moja, na umbo la umoja alilolitumia halithibitishi kwamba lugha ilikuwa moja tu kuanzia Opone hadi Rhapta. Anayeiona Kiswahili hapo ameiongeza mwenyewe.