Miguu na Mikono Pasipo Jina

Sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 zina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Katika maandishi hayo, wapagazi wa Vita Kuu ni miguu na mikono ya jeshi. Naye apiganiaye nchi yake huahidiwa kuwa wanawe watalikumbuka jina lake. Fani yavutia, lakini yapingana na maudhui: istiari humpa mpagazi viungo ikamnyima uso, na ahadi hutaja jina ilhali jiwe halina jina la mfu hata mmoja.

Dosari hiyo huonekana zaidi kutoka ziwani. Vita vilifika Karungu, Migori, Septemba 1914, na Nyanza ikatoa wapagazi kwa maelfu. Kwa Waluo na Wasuba wa huko na wa visiwa vya Homa Bay, Rusinga na Mfangano, mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, marehemu akaendelea kuitwa nyumbani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa makumi ya maelfu ya Waafrika hawakukumbukwa kwa majina. Ahadi ya jiwe, basi, imebaki kutekelezwa na jamaa zao.