Anavyosoma Maonyo

Ripoti ya mvua ya mwezi, kwa mtakwimu mmoja niliyemtazama akifanya kazi, ni waraka mmoja wenye vitu viwili ndani yake: aya za maelezo, na katikati yake vipande vya msimbo wa lugha ya R. Kila kipande kinatengwa na maelezo kwa mistari miwili yenye alama tatu ndogo zilizoinama, mmoja juu na mmoja chini. Akibonyeza kitufe, kompyuta inausoma waraka kuanzia juu, inaendesha kipande kimoja baada ya kingine, na kupachika majedwali na grafu mahali pake. Hata ile sentensi inayotaja jumla ya mvua ya mwezi, tarakimu yake imetoka kwenye hesabu. Hakuna mtu aliyeichapa.

Fikra ya kuandika msimbo na maelezo pamoja aliieleza Donald Knuth mwaka 1984. Friedrich Leisch akaileta kwenye R mwaka 2002 kwa programu ya Sweave, na mwaka 2012 Yihui Xie akatoa knitr, ambayo ndiyo mtakwimu huyu anayotumia. Kwenye Sweave, kosa moja lilikatisha kazi yote. Knitr ilimpa mwandishi hiari, kipande kwa kipande: kosa likatishe kazi au lichapwe ukurasani na kazi iendelee, onyo lionekane au lifichwe. Hiari hiyo ya kuficha ni rahisi mno kutumia. Neno moja tu juu ya waraka, maonyo yote hayaonekani tena, na ripoti inatoka safi machoni. Mtakwimu huyu halitumii neno hilo.

Kabla ya kuendesha chochote, anakipa kila kipande jina: soma-mvua, jumla-ya-mwezi, grafu-ya-vituo. Kazi ikikatika, kompyuta inataja jina la kipande pamoja na namba za mistari, naye anakwenda moja kwa moja hadi hapo bila kupapasa. Kisha anaendesha, mikono akiwa ameiondoa kwenye kibodi.

Kosa linasimamisha kazi. Onyo linaiacha iendelee, ila linasema kuna jambo halikwenda sawa. Nilimwona akishughulikia kosa kwa dakika chache tu, bila wasiwasi, kwa kuwa kosa haliruhusu ripoti ya uongo itoke. Onyo ndilo lililomfanya asogeze kiti. Lilikuwa lile ambalo kila anayetumia R analijua: katika kugeuza maandishi kuwa namba, baadhi yameshindikana, na mahali pake pamewekwa NA, yaani hakuna thamani.

Hakurekebisha kitu kwanza. Alifungua dirisha jipya lisilo na kumbukumbu yoyote ya kazi iliyopita, akaweka mpangilio unaogeuza kila onyo kuwa kosa, akaendesha kipande cha soma-mvua peke yake. Kikasimama palepale kwenye `as.numeric`. Akaiacha safu ya asili kama ilivyo, akatengeneza safu ya pili yenye namba pembeni yake, kisha akaiomba kompyuta imtolee mistari ambayo safu ya kwanza ina kitu na ya pili ina NA. Akaipitia kama anayechagua mchele kwenye ungo. Aina zilikuwa tatu: namba zilizoandikwa kwa mkato badala ya nukta, kama 12,5, herufi TR, na kistari kimoja.

Mkato ulikuwa mwepesi: amri moja, nukta ikakaa mahali pake. TR ilitaka kufikiri. Wapima mvua huandika hivyo siku ambayo matone yamedondoka lakini maji kwenye kipimo hayafikii kiasi cha kupimika. Kwenye jumla ya mwezi siku hiyo inahesabiwa sifuri, lakini ni siku iliyopimwa. Chukua mwezi wa siku 30 wenye jumla ya milimita 48, na siku 6 kati ya hizo zimeandikwa TR. Ukiziacha ziwe NA na kuiambia R izipuuze, jumla itagawanywa kwa siku 24 na wastani utakuwa milimita 2.0 kwa siku. Wastani wa kweli ni 1.6. Hakuna kosa litakalotokea, grafu itachorwa vizuri, na msomaji ataambiwa mvua ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Aliiandikia TR sifuri, akaongeza safu ya tatu inayokumbuka kwamba sifuri hiyo ilikuwa TR.

Kistari hakukigusa. Alichukua simu, akampigia mpima mvua.

“Shikamoo mzee. Tarehe 9 umeweka kistari. Mvua haikunyesha, au hukupima?”

“Marahaba mwanangu. Sikupima, nilikuwa msibani. Maji yote nikayapima kesho yake asubuhi.”

Kumbe namba ya tarehe 10 ilibeba mvua ya siku mbili. Jumla ya mwezi haikuharibika, ila namba hiyo isingeweza kuingia kwenye orodha ya siku zenye mvua kubwa kuliko zote, na bila ile simu ingekuwa ya kwanza kwenye orodha. Akaiwekea alama, akaandika sababu kwa maneno ya kawaida ndani ya kipande, ili atakayeurithi waraka huu asimpigie mzee mara ya pili.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi kukitazama, kwa sababu hakina kinachoonekana. Vituo ni vingi na kila kimoja kina faili lake. Usomaji wa kila faili aliufungia ndani ya `tryCatch`: faili likikosekana, jina la kituo na sababu vinaandikwa pembeni, kazi inahamia kituo kinachofuata. Kwa maonyo hakutumia njia hiyo. `tryCatch` ikidaka onyo inaiacha kazi iliyokuwa ikiendelea na hairudi tena, kwa hiyo faili lenye TR moja lingetupwa lote. Alitumia `withCallingHandlers`, ambayo inalinakili onyo kisha inaruhusu usomaji uendelee palepale ulipofika. Wengi hutumia ya kwanza kila mahali, wakapoteza kituo kizima kwa mstari mmoja. Tofauti ya hizo mbili ni mistari michache ya msimbo, na yeye aliiandika taratibu, akaijaribu kwa faili aliloliharibu kwa makusudi.

Halafu akatunga makosa yake mwenyewe. Mvua haiwezi kuwa chini ya sifuri. Kituo lazima kiwe na mistari inayolingana na siku za mwezi. Sharti lisipotimia, waraka unakataa kutoka, na ujumbe aliouandika unasema: “Kituo hiki kina siku 29, mwezi una siku 30. Tafuta siku iliyokosekana.” Alitumia muda kuchagua maneno hayo. Ujumbe wa aina hiyo husomwa na mtu aliyechoka na ambaye ripoti yake inasubiriwa, na yeye alihakikisha mtu huyo anaambiwa cha kufanya.

Makosa huyaruhusu yachapwe mahali pamoja tu, kwenye kitabu cha mafunzo ya wageni wa kazi. Huko anaweka `error=TRUE` kwenye kipande kimoja kimoja, ili mwanafunzi alione kosa lenyewe na maelezo chini yake.

Mwisho alifuta matokeo yote yaliyohifadhiwa, akafunga programu, akaifungua upya na kuendesha waraka mzima toka mwanzo. Lilibaki onyo moja: grafu imeacha nukta moja kwa kukosa thamani. Hiyo ni tarehe 9 ya mzee. Sasa, akiwa anajua chanzo chake, akalizima kwa kipande hicho tu, na chini ya grafu akaandika sentensi inayotaja idadi ya siku ambazo hazikupimwa. Idadi hiyo inahesabiwa na msimbo, hivyo mwezi ambao siku tatu hazitapimwa, sentensi itasema tatu.